Hamsa wa Majira ya Baridi: Historia ya Ndege wa Hekaluni

Miongoni mwa viumbe wanaochongwa na kuchorwa katika mahekalu ya Kihindu, yuko mmoja ambaye hata sisi waumini hatumjui vema kama tunavyodhani. Tembo anajulikana, tausi anajulikana, na ng'ombe hahitaji maelezo. Lakini ndege mweupe anayeandamana na Mama Saraswati, mungu wa elimu, na ambaye pia ni kipando cha Brahma, Muumba, huitwa na huyu bata, na yule bata maji, na wengine husema ni ndege wa hadithi asiyepata kuwako duniani. Kwa Kisanskriti jina lake ni hamsa. Jirani yetu aliyezaliwa katika Kiswahili hulisikia jina hilo akafikiri idadi ya tano, kama isemwavyo hamsa ishirini. Neno hilo la hesabu limetoka katika Kiarabu. Hili la ndege lina ukoo mwingine kabisa, nasi tutaueleza hapa chini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hamsa ni ndege halisi, ambaye kila mwaka majira ya baridi yanapoingia hupita angani juu ya India kwa makundi, na kwamba waliotunga Veda na mafundi waliochonga mawe walimjua kwa kumtazama kwa macho yao. Kumjua upya si kazi ya wataalamu wa ndege peke yao. Kuna jambo ndani yake linalotuhusu sisi, wajukuu wa watu waliovuka bahari, katika mwaka huu tunaoadhimisha umri wa hekalu letu.

Ndege mwenyewe

Ndege tunayemzungumzia ni bata bukini wa porini. Wako wa aina zaidi ya moja wanaofika India wakati wa baridi, na neno hamsa lilitumika kwa upana. Katika Gujarat, kwenye maji ya Nal Sarovar karibu na Ahmedabad, huonekana bata bukini wa kijivu, ndugu wa yule aliyefugwa Ulaya. Lakini aliye wa India hasa ni yule mwenye kichwa cheupe kilichopigwa mistari miwili myeusi kisogoni. Mwili wake ni wa kijivu kilichopauka, mdomo na miguu ni ya rangi ya manjano iliyokolea, na uzito wake ni kilo 2 hadi 3. Mwaka 1790 mtaalamu wa Uingereza, John Latham, alimpa jina la kisayansi, naye leo huitwa Anser indicus.

Jina hilo lina siri yake. Anser ni neno la Kilatini lenye maana ya bata bukini. Wanaisimu wamekwisha kuonyesha kwamba anser ya Kilatini, Gans ya Kijerumani, goose ya Kiingereza na hamsa ya Kisanskriti zimechipuka katika shina moja la kale sana. Kwa hiyo jina la kisayansi ambalo ndege huyu anaitwa leo, waliolitunga wakijua au wasijue, lina maana ya hamsa wa India.

Wakati wa joto ndege hawa huishi na kuzaa katika nyanda za juu za Asia ya Kati: Mongolia, Tibet, Qinghai, na maziwa ya Ladakh kama vile Tso Moriri. Huko barafu huyeyuka kwa muda mfupi, majani huota, na maadui si wengi. Ifikapo vuli maji huanza kuganda tena, na chakula hutoweka. Ndipo wanapoinuka, wazazi pamoja na watoto wa mwaka huo, wakaelekea kusini. Kuanzia mwezi wa Oktoba na Novemba, katika majuma yale yale ambamo Wahindu husherehekea Diwali, makundi ya kwanza huanza kuonekana juu ya tambarare za kaskazini mwa India. Hukaa humo hadi Machi au Aprili, wakila majani na nafaka za mashambani, na kupumzika juu ya maji. Wakati wa machweo huruka kutoka bwawani kwenda malishoni, safu kwa safu, mstari uliopinda kama kichwa cha mshale, na sauti zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana.

Njia ya juu ya Himalaya

Kati ya makao yao ya joto na makao yao ya baridi umesimama ukuta mrefu kuliko yote duniani. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kama ndege hawa huuzunguka ukuta huo au huuvuka. Mwaka 1954 mwanasayansi Mmarekani aliyeitwa Lawrence Swan alikuwa kambini kwenye barafu ya Barun, chini ya mlima Makalu, ambao una urefu wa zaidi ya mita 8,400. Usiku mmoja wenye baridi kali alisikia juu yake sauti za bata bukini wakipita gizani kuelekea kaskazini. Hakuwaona, aliwasikia tu. Taarifa yake ilienea, na tangu hapo ikasemwa kwamba ndege hawa hupita juu ya vilele vyenyewe.

Karne yetu hii imeleta vipimo badala ya uvumi. Wanasayansi wakiongozwa na Lucy Hawkes na Charles Bishop wa Chuo Kikuu cha Bangor walivifunga vyombo vidogo vya setilaiti kwenye migongo ya ndege hawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba bata bukini aondokaye tambarare za India huweza kupanda na kuuvuka ukuta wa Himalaya kwa muda wa saa 7 au 8, kwa nguvu ya mabawa yake, bila kungoja upepo wa kumsukuma kutoka nyuma. Huchagua usiku na alfajiri, saa ambazo hewa ni baridi na nzito zaidi na upepo umetulia. Kimo cha juu kabisa kilichopimwa na wanasayansi hao kilikuwa mita 7,290. Ili tupate kipimo chetu wenyewe: kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Ndege huyu basi aliruka karibu mita 1,400 juu ya Kibo, mahali ambapo mpandaji wa mlima hupumua kwa taabu hata akiwa amesimama.

Hata hivyo vipimo vilisahihisha hadithi kwa namna moja yenye hekima. Ndege hawa hawapendi kuruka juu bila sababu. Sehemu kubwa ya safari yao huwa chini ya mita 5,500. Hupita mabondeni, huinuka ardhi inapoinuka, na hushuka tena inaposhuka, hata kama kufanya hivyo ni kupoteza kimo walichokwisha kukipata kwa jasho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza sababu: katika hewa nyembamba kila pigo la bawa hugharimu zaidi, kwa hiyo kushuka na kupanda tena ni nafuu kuliko kubaki juu. Miili yao nayo imeumbwa kwa kazi hiyo. Mapafu yao ni makubwa, na himoglobini ya damu yao huishika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ile ya bata bukini wa tambarare.

Hamsa katika maandiko

Watu wa kale hawakuwa na setilaiti, lakini walikuwa na macho na subira. Katika Rigveda, andiko la kale kuliko yote tuliyo nayo, hamsa wanatajwa wakiruka kwa safu, na safu hiyo inafananishwa na mambo ya ibada yapangwayo kwa utaratibu. Anayesoma maneno hayo baada ya kuyaona makundi ya majira ya baridi hupata uhakika kwamba mtungaji hakubuni. Aliinua uso, akaona, akafananisha.

Kutoka katika kutazama kulizaliwa kufikiri. Ndege huyu huogelea majini na manyoya yake hayalowi, hutembea ardhini, huruka juu sana angani, na hana nchi moja ya kuiita yake peke yake. Wenye hekima wa Upanishad wakaona humo mfano wa roho, ambayo hukaa mwilini bila kufungwa na mwili. Yogi huyasikia matamshi ham na sa katika pumzi itokayo na iingiayo, na kwa njia hiyo kila apumuaye hulitaja jina la hamsa bila kujua. Mtawa aliyefika daraja ya juu kabisa, asiye na nyumba wala mali, huitwa paramahamsa, yaani hamsa mkuu. Ndiyo maana ya jina la Ramakrishna Paramahamsa wa Bengal, aliyeishi kati ya 1836 na 1886, na la Paramahansa Yogananda aliyemfuata katika karne ya ishirini. Yasemwa pia kwamba hamsa akipewa maziwa yaliyochanganywa na maji hunywa maziwa akaacha maji. Hakuna ndege afanyaye hivyo bwawani. Ni mfano wa akili ipambanuayo kweli na uongo, na kwa sababu hiyo Mama Saraswati amemchagua awe mwandani wake.

Washairi nao walimpa kazi ya mjumbe. Katika Mahabharata, mfalme Nala anamkamata hamsa bustanini, anamwachilia, naye hamsa kwa shukrani anaruka hadi Vidarbha na kumweleza Damayanti habari za Nala. Mapenzi yao yanaanzia katika kinywa cha ndege. Kalidasa, katika shairi lake Meghaduta, amewafanya hamsa wasindikize wingu la mvua kwenda kaskazini, wakipenya mlango wa mlima kuelekea ziwa Manasa chini ya Kailash. Ziwa hilo, ambalo leo huitwa Manasarovar, liko Tibet kwenye kimo cha takriban mita 4,590, katika uwanda ule ule ambamo bata bukini hawa huzaa wakati wa joto. Ni kweli kwamba wengi wao huondoka India kabla mvua hazijaanza, na kwa hiyo mshairi ameikunja kalenda kidogo. Lakini kuhusu upande waendako, na kwamba hupita katika njia za mlima, hakukosea. Vipimo vya mwaka 2011 vilimkuta amekwisha kusema.

Hamsa katika mawe

Tukitoka katika maneno tukaingia katika mawe, ushahidi unazidi. Huko Lauriya Nandangarh, katika jimbo la Bihar, imesimama nguzo ya mfalme Ashoka ya karne ya tatu kabla ya Kristo. Juu yake ameketi simba, na chini ya simba, kuzunguka kichwa cha nguzo, imechongwa safu ya bata bukini wakidonoa. Katika mapango ya Ajanta, mafundi wa karne ya tano walichora hadithi ya mfalme wa hamsa aliyenaswa mtegoni, na rafiki yake aliyekataa kumwacha.

Kusini mwa India wafalme wa Hoysala walijenga mahekalu ambayo kuta zake zimezungushwa mikanda ya michoro, mmoja juu ya mwingine. Katika hekalu la Keshava, Somanathapura, lililokamilika mwaka 1258, chini kabisa wamo tembo, juu yao wapanda farasi, kisha mapambo ya majani, kisha visa vya tenzi kuu, kisha makara, mnyama wa majini, na juu ya mkanda huo hamsa, mmoja nyuma ya mwingine, kwa makumi. Mahekalu ya Hoysala ya Belur, Halebidu na Somanathapura yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Wachongaji hao hawakuhitaji kusafiri mbali ili wapate mfano. Jimbo hilo hilo la Karnataka lina bwawa la Magadi, lisichanganywe na Ziwa Magadi letu la Kenya, ambalo ni maarufu hadi leo kwa bata bukini wenye mistari kichwani wanaokuja kukaa humo kila majira ya baridi. Ndege aliyekuwa shambani ndiye aliyepanda ukutani.

Namna hamsa alivyogeuzwa

Basi imekuwaje leo katika kalenda na picha nyingi Saraswati aketi karibu na bata maji wa Ulaya, mweupe kabisa, mwenye shingo ndefu iliyopinda? Ndege huyo ni nadra sana kuonekana India, na fundi wa Somanathapura hakupata kumjua.

Jibu liko katika karne ya kumi na tisa. Wazungu waliotafsiri vitabu vya Kisanskriti walikuta ndege mtukufu, mjumbe wa wafalme na mfano wa roho. Katika lugha zao bata bukini alikuwa ndege wa uani, na kumwita mtu kwa jina lake ni kumwita mpumbavu. Waliona haya kumweka mahali pa heshima namna hiyo, wakamtia bata maji badala yake. Monier-Williams katika kamusi yake ya mwaka 1899 aliitaja kwanza maana ya bata bukini, lakini tafsiri za mashairi zilikuwa zimekwisha kuenea. Mwaka huo huo wa 1899 Raja Ravi Varma alichora picha yake mashuhuri ya Damayanti na hamsa, na ndege aliyemchora ni wa shingo ndefu. Picha za namna hiyo zilichapishwa kwa wingi, zikaingia majumbani, na kutoka majumbani zikaingia katika mawazo. Mwaka 1962 kilichapishwa kitabu kizima cha mtaalamu wa Uholanzi, Jean Philippe Vogel, kuhusu bata bukini katika fasihi na sanaa ya India, kikirejesha haki ya ndege huyu kwa ushahidi wa maandiko na mawe.

Hatusemi kwamba picha za nyumbani zitupwe. Ibada haipimwi kwa urefu wa shingo ya ndege. Lakini si jambo dogo kwamba watu walijifunza kumwonea haya ndege wao wenyewe kwa kuazima macho ya wengine. Aliyechonga Somanathapura hakuona haya. Kwake yeye, ndege anayekula mabua shambani na ndege anayeubeba mfano wa roho walikuwa mmoja, na hilo lenyewe ni fundisho la dini.

Hamsa na pepo za kaskazi

Afrika Mashariki haina majira ya baridi yenye theluji, na hamsa wa Himalaya hafiki kwetu. Lakini majira yanayomleta India ndiyo yaliyowaleta wazee wetu hapa. Miezi ambayo ndege hushuka kutoka Tibet, Novemba na Desemba, ndiyo ambayo upepo wa kaskazi huanza kuvuma juu ya Bahari ya Hindi. Kwa upepo huo kotia na majahazi ya Mandvi, bandari ya Kutch, yaling'oa nanga kwenda Zanzibar, Mombasa na Lamu, na kwa kusi yakarudi. Kwa njia hiyo walikuja wafanyabiashara kama Jairam Shivji wa Kutch, ambaye nyumba yake ya biashara ilisimamia forodha ya Zanzibar katika karne ya kumi na tisa. Baadaye, kati ya 1896 na 1901, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda, wengi wao wakitoka Punjab, nchi ambayo bata bukini hawa huijua vema.

Mabaharia wale walikuwa na nyumba mbili, kama ndege. Wengine walirudi kila mwaka; wengine mwaka mmoja hawakurudi, wakajenga, wakaoa, wakazika wazee wao, na hatimaye wakasimamisha mahekalu. Majirani waliowakuta wakawafundisha Kiswahili, na jina la pepo, na namna ya kuishi pwani. Hekalu katika nchi ya ugeni lilikuwa kama bwawa la majira ya baridi: mahali pa kushukia pamoja.

Na hapa liko jambo ambalo wataalamu wa ndege wamelishuhudia, nalo lastahili kufikiriwa na kila mzazi. Mtoto wa bata bukini haijui njia kwa kuzaliwa kama ajuavyo kuogelea. Huijua kwa kuruka na wazazi wake katika safari ya kwanza, akishika nafasi yake katika safu. Safu ile tuionayo angani ni shule. Wazazi wasiporuka pamoja na watoto, njia iliyodumu maelfu ya miaka huweza kukatika katika kizazi kimoja. Lugha zetu, nyimbo zetu na desturi za ibada zetu hurithiwa kwa namna hiyo hiyo, si kwa damu bali kwa kwenda pamoja.

Amana iliyo mikononi

Ndege mwenyewe yungaliko, lakini si bila hatari. Mwaka 2005, katika ziwa Qinghai nchini China, homa ya ndege iliua maelfu yao kwa majuma machache. Maradhi hayo yalirudi katika majira ya baridi ya 2020 na 2021 kwenye bwawa la Pong, Himachal Pradesh, ambako makumi ya maelfu ya bata bukini hukusanyika, na hapo pia wengi mno walikufa. Mabwawa nayo hukaushwa, na maji yake huchafuliwa. Kwa upande wa kheri, yako maji yaliyowekwa chini ya ulinzi: bwawa la Pong mwaka 2002, na lile la Magadi la Karnataka mwaka 2024, yameingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Huku kwetu nako, katika miezi hiyo ya kaskazi, maziwa ya Bonde la Ufa hupokea bata wadogo na ndege wengine wengi wakimbiao baridi ya Ulaya na Asia. Hao ndio wageni wetu wa majira. Muumini anayetaka kumheshimu hamsa, na jirani anayetaka kuuelewa moyo wa heshima hiyo, wana mahali pa kuanzia palipo karibu: kulinda maji ambayo ndege hao hushukia, na kuwachukua watoto wakayaone, kabla hawajaambiwa kwamba ndege wa namna hiyo ni wa hadithi.

Hekalu linapotimiza umri, ni kawaida kuhesabu matofali na majina ya wafadhili, nayo yanastahili kuhesabiwa. Pamoja na hayo tumhesabu pia ndege huyu, aliyesafiri na dini yetu tangu Rigveda hadi kuta za Hoysala, na kutoka huko hadi katika picha za nyumba zetu za pwani na bara. Safu yake bado inapita juu ya Himalaya kila mwaka, wazee mbele, vijana nyuma yao. Mungu atujalie sisi na majirani zetu kushika nafasi zetu vivyo hivyo.